Kaskazini Mashariki si Ghala la Kura

Kati ya mwaka 1979 na mwaka 1989, watu wa Kenya waliongezeka kutoka milioni 15.3 hadi milioni 21.4. Katika muongo huo huo, kwa mujibu wa vitabu vya serikali, Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulitoka watu 373,787 ukaishia 371,391. Nchi nzima ilikuwa ikitajwa duniani kwa wingi wa uzazi wake, nazo Garissa, Wajir na Mandera zikapungukiwa na watu 2,396. Miaka 20 baadaye, mwaka 2009, vitabu hivyo hivyo viliandika watu 2,310,757 katika mkoa ule ule, yaani zaidi ya mara sita.

Ndugu zangu wa makanisa na wa kamati za mageuzi, nawasihi mziweke hesabu hizi mbili bega kwa bega kabla hamjacheka. Nakijua kicheko chenyewe, maana nimekisikia katika mikutano yetu wenyewe, miongoni mwa watu waliolala korokoroni kwa ajili ya haki. Husemwa kwamba watu wa kule wanazaliana katika karatasi, kwamba hata ngamia wao wana kadi za kura, kwamba upande ule ni ghala ambalo kila serikali hulikimbilia inapopungukiwa na kura. Kisha mkutano hufungwa kwa sala na kila mtu huenda zake akidhani ameitetea demokrasia.

Hoja yangu ni hii. Kwa zaidi ya miaka 40, idadi ya watu wa Kaskazini Mashariki imekuwa bidhaa. Bei yake imepanda na kushuka kwa kufuata haja ya mnunuzi, na wauzaji wamekuwako Nairobi na wamekuwako Garissa. Mama wa Balambala anayesukuma mbuzi wake kwenda sokoni hakupata faida idadi ilipokuwa ndogo, wala hakuipata ilipovimba. Uchaguzi wa Agosti 2027 ukiendeshwa juu ya biashara hiyo, sisi tuliopigania vyama vingi tutakuwa tumewabadilishia wachuuzi mizani tu.

Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba wafalme hawahesabu watu bure. Daudi alitaka kujua wenye kushika upanga, na Kaisari alitaka kodi. Je, serikali ya Kenya ilitaka nini huku kaskazini katika miaka ya 1980? Mkoa huo uliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963, na sheria hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa uliteketezwa na vikosi vya serikali. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ikasema waliokufa ni 57, na manusura wamesema siku zote kwamba ni mamia juu ya mamia, hata maelfu. Novemba 1989, miezi michache baada ya sensa ya mwaka huo, Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kufika mbele ya maafisa na kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi ya waridi ambayo hakuna Mkenya mwingine aliyetakiwa kuibeba. Dola iliyoshindwa kuwahesabu maiti wa Wagalla ndiyo iliyokuwa ikiwahesabu walio hai. Nani angejitokeza mbele ya karani wake kwa furaha? Watu 371,391 ni wale waliokubali kuonekana, na hata hao siamini walitafutwa kwa bidii.

Hata hivyo, uchache huo ulikuwa na mnunuzi wake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1992 yalisema kwamba mshindi wa urais lazima apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Tarehe 29 Desemba 1992 Daniel arap Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura zote, na alivuka kiwango hicho katika mikoa mitano kamili, bila ziada: Bonde la Ufa, Pwani, Mashariki, Magharibi na Kaskazini Mashariki. Kura zote za urais zilizopigwa katika mkoa huu wa mwisho hazikufika 100,000. Mbele ya sheria ile, hata hivyo, mkoa ulikuwa na uzito sawa na Nairobi. Naam, Magharibi au Mashariki ikikosekana angeanguka vilevile. Lakini hakuna mkoa uliokuwa rahisi kununuliwa kuliko ule uliokuwa umetoka chini ya hali ya hatari mwaka mmoja tu kabla, ambako chifu, polisi na karani wa uchaguzi walikula sahani moja. Tuliyaona hayo tukayaita wizi. Hatukuuliza waliotumiwa kuiba walikuwa wamefanywa nini.

Kisha upepo ukageuka. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilisema kwamba kaunti zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kanuni ya kwanza ya kugawa fedha hizo iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Maeneo ya ubunge yaliongezwa kutoka 210 hadi 290, na katika Kaskazini Mashariki yakatoka 11 hadi 18. Kichwa cha mtu, ambacho dola ilikuwa imekidharau kwa miaka 47, kikawa hundi. Hata kabla wino wa katiba haujakauka, siku nne tu baada ya kutangazwa kwake, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alisimama mbele ya waandishi kutangaza matokeo ya sensa ya 2009 na papo hapo akafuta matokeo ya wilaya nane: tatu za Turkana, na Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera Magharibi, Mandera Kati na Mandera Mashariki.

Sitaitetea hesabu ile ya 2009. Mandera ilikuwa imeandikiwa watu 250,372 mwaka 1999; miaka kumi baadaye ikaandikiwa 1,025,756. Hiyo ni nyongeza ya takriban asilimia 15 kila mwaka, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 3. Ni kweli Mandera huzaa sana: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliipa wastani wa watoto 7.7 kwa kila mwanamke, na Kenya yote 3.4. Ni kweli pia kwamba vita vya Somalia tangu 1991 vilisukuma watu kuvuka mpaka. Lakini hakuna tumbo la mama wala mlango wa wakimbizi unaoweza kuzalisha asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka kumi mfululizo. Watu waliongezwa kwa kalamu, na walioongeza walikuwa viongozi wetu, wakisaidiwa na makarani waliopakwa mafuta mikononi.

Hata hivyo, serikali iliwajibu kwa ubabe, bila kurudi kuhesabu. Waziri hakuwa na mamlaka ya kufuta watu kwa tamko, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema hivyo waziwazi. Basi takwimu alizozikataa Waziri mwenyewe ndizo zilizobaki, ndizo zilizotumika kugawa mabilioni, na Mandera ikawa miongoni mwa kaunti zenye mgao mkubwa kabisa. Ikaja sensa ya 2019, na Mandera ikaandikiwa watu 867,457. Watu 158,299 wametoweka bila kaburi. Garissa ikapewa 841,353 na Wajir 781,263. Viongozi wakapiga kelele wakaenda kortini, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ikabatilisha matokeo hayo katika sehemu za kaunti zote tatu na kuagiza hesabu nyingine. Sensa mbili zikifuatana, serikali imeshindwa kusimama mahakamani na daftari lake mwenyewe. Mimi ni wakili. Mteja wangu akishindwa hivyo mara mbili, humwambia atazame nyumbani kwake kabla ya kumlaumu jirani.

Msifikiri haya ni mambo ya makarani. Gawanya watu milioni 47.5 wa sensa ya 2019 kwa maeneo 290 ya ubunge, utapata takriban 164,000 kwa kila eneo. Kaunti zetu tatu, kwa hesabu hiyo, zinastahili viti 15, nazo zina 18. Kifungu cha 89 cha katiba kinaruhusu eneo lenye watu waliotawanyika lipungukiwe na kiwango hicho kwa hadi asilimia 40, kwa hiyo viti hivyo vinaweza kuokoka kihalali. Lakini atakayepima ni tume ya uchaguzi na mipaka, na muda wa kikatiba wa kupima ulipita Machi 2024 tume ikiwa haina hata kamishna mmoja. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 wakubwa walivutana juu ya nani akae kwenye viti vya tume, huku uwakilishi wa watu ukining'inia.

Sasa tazameni upande wa pili wa daftari, ambao wanaocheka hawautazami kamwe. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa milioni 22.1, karibu nusu ya watu wote waliohesabiwa. Katika Garissa, Wajir na Mandera waliosajiliwa walikuwa takriban 626,000 kati ya watu milioni 2.49. Hiyo ni robo tu. Mtasema: ndiyo ushahidi kwamba sensa ilivimbishwa. Sehemu yake, labda. Mtasema: watoto ni wengi. Hilo ni kweli kabisa. Lakini mkimaliza kusema hayo bado hamjaigusa kamati ya msasa. Kijana wa Nyeri au Kisii alipokwenda kuchukua kitambulisho alikwenda na cheti cha kuzaliwa. Kijana wa Fafi alikaa mbele ya jopo la wazee na maafisa wa usalama, akaulizwa babu yake alizikwa wapi, akaambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ujao akaambiwa jopo halikukaa. Makumi ya maelfu ya raia walikuta majina yao katika orodha ya wakimbizi ya Dadaab kwa sababu wakati wa ukame wazazi wao walikwenda kambini kutafuta chakula, na tangu hapo kompyuta ikawaita wageni. Rais William Ruto alitia saini Wajir, Februari 2025, tangazo la kuukomesha msasa huo. Nalipongeza tangazo hilo. Nasema pia kwamba tangazo si sheria ya Bunge, na kwamba haki iliyotolewa kwa saini ya mkubwa mmoja jukwaani inaweza kugeuzwa deni la kulipwa siku ya kura.

Hapa ndipo biashara inapoingia, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Serikali ya mkoloni iliifunga kaskazini. Mfanyabiashara hakuingia wala kutoka bila kibali, na karantini ya mifugo ilifungwa na kufunguliwa kwa namna iliyomlinda mzungu mwenye ranchi asishindane na ng'ombe wa mfugaji. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulitangaza kwamba fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa haraka, penye mvua, barabara na ardhi nzuri. Kwa lugha nyepesi, aliyenacho aongezwe. Waliouandika hawakuwa wajinga, walijua ramani. Tangu siku hiyo mfugaji wa Garissa akawa na mali isiyo na mlango. Kiwanda cha Tume ya Nyama pale Athi River, kilichoanzishwa mwaka 1950, kilifunga milango kwa miaka mingi, kikafufuliwa 2006, na mwaka 2020 kikakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Soko la mifugo la Garissa ni mojawapo ya makubwa kabisa Afrika Mashariki, lakini mnyama wake hufika Nairobi juu ya lori, kwa barabara moja, yenye vizuizi vya polisi ambavyo kila dereva anaijua bei yake. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 mafuriko yaliikata barabara hiyo pale Mororo, na mji mzima ukabaki kutazama maji.

Mpaka wa Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2007. Mei 2023 ikatangazwa kwamba utafunguliwa kwa awamu. Julai mwaka huo, baada ya mashambulizi, ikatangazwa kwamba utangoja. Nani alizuiwa na mpaka huo uliofungwa? Mwenye punda mmoja alizuiwa. Sukari haikuzuiwa. Ripoti ya Journalists for Justice ya Novemba 2015 ilidai kwamba maafisa wa jeshi letu huko Kismayu walikuwa wakifaidika na biashara ya sukari na makaa. Jeshi likakanusha, na sikumbuki uchunguzi wa hadharani uliotukata kiu. Mwaka huo huo, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilizifunga kampuni 13 za hawala. Familia zilizoishi kwa dola 50 au 100 kutoka kwa mtoto aliye Minneapolis zilikaa bila senti hadi Juni. Gaidi hakupatikana ndani ya bahasha hizo. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2014, wenye maduka wa Eastleigh walikuwa wamebebwa na kuzuiliwa uwanjani Kasarani.

Mfanyabiashara anayeweza kufungiwa duka kwa tamko la asubuhi hujifunza haraka kwamba ulinzi wake hauko katika sheria, bali katika kujuana na mkubwa. Atachangia kampeni. Atamleta mzee wa ukoo. Akiwa mkubwa vya kutosha atapewa zabuni ya kuchimba bwawa, na bwawa likikauka kabla ya kujaa hakuna atakayemuuliza, kwa maana aliyeidhinisha malipo anangoja mchango wa uchaguzi ujao. Hivyo ndivyo serikali, ile ya KANU na zile zilizofuata, ilivyozoea kuomba kura za kaskazini: huwaita wafanyabiashara wachache na wazee wachache katika hoteli ya Nairobi, na yanayokubaliwa huko hupelekwa nyumbani kama uamuzi wa jamii. Ugatuzi uliongeza meza nyingine ya zabuni kule kule kaunti. Sisemi ugatuzi ni mbaya. Umefikisha fedha mahali ambapo Waraka wa 1965 ulikuwa umepafuta. Nasema fedha zilizogawanywa kwa idadi ya vichwa huliwa na watu wachache sana, ambao kwa sababu hiyo hiyo hawatamani kamwe vichwa hivyo vihesabiwe vizuri.

Nao wazee? Mwaka 2013 baraza la wazee wa Garre lilikaa likagawa viti vya Mandera kabla ya mwananchi kupiga kura, na jambo hilo likapewa jina zuri, demokrasia ya maafikiano. Wapo wanaolisifu kwamba lilizuia damu. Damu ni jambo zito, sitalidharau. Lakini mwanamke hakuwa na kiti katika maafikiano hayo, na ukoo mdogo ulipewa makombo. Mwaka 2017 wazee walimwamuru gavana aliyekuwa madarakani aondoke. Akakataa, akagombea, akashinda. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba watu wa kule hawajui kuchagua mtu kwa jina lake. Wakiachiwa nafasi, huchagua.

Nimesikia pia wito wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Mwaka 2020 ulilifunga Baraza la Seneti kwa wiki nyingi, mpaka maseneta watatu wakakamatwa siku moja ya Agosti kabla ya kura. Wito huo unapendwa katika maeneo ambako barabara, maji na umeme vilijengwa kwa fedha za wote tangu 1965. Wenye kuutoa wanataka tuanze kuhesabu leo, baada ya wao kula kwa miaka 60. Kwa Garissa, mtu mmoja hajahesabiwa bado, na kura moja bado imesimama kwenye foleni ya kitambulisho. Shilingi moja itagawanywaje?

Najua kwa nini baadhi yenu mnasita. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa waumini wakiwa katika ibada. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu, wengi wao wanafunzi waliotenganishwa kwa dini yao. Makaburi hayo yako katika parokia zenu, na sitawaambia msahau. Nawakumbusha tu kwamba baada ya shambulio la 2012 viongozi wa Kiislamu walijitolea kuweka vijana walinde makanisa, na kwamba walimu walipohamishwa kwa sababu ya hofu, hasara ilimwangukia mtoto wa Kiislamu wa darasa la saba aliyebaki na ubao mtupu. Huyo ndiye atakayefika miaka 18 bila cheti na bila kitambulisho, na ndiye tutakayemcheka kwamba kura yake hupigwa na ngamia.

Uchaguzi umewekwa na katiba kuwa Jumanne ya pili ya Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo, kila kamati ya haki na amani yenye wakili au mwalimu wa kujitolea na iandike barua kwa tume ya uchaguzi na kwa idara ya usajili, ikitaka idadi ya vitambulisho vilivyoombwa, vilivyotolewa na vilivyokataliwa katika kila kaunti ndogo ya Garissa, Wajir na Mandera. Kifungu cha 35 cha katiba kinawapa haki ya kujibiwa. Hesabu mpya ya watu itakapofanywa, tudai matokeo yabandikwe papo hapo, kijiji kwa kijiji, kama fomu za kura zinavyobandikwa kituoni, ili jirani asome na kusema huyu simjui. Tudai orodha ya zabuni za kaunti na za serikali kuu katika eneo hilo, pamoja na majina ya wenye kampuni. Na usajili wa wapiga kura ukifanyika, makanisa ya Garissa mjini yaliyo tayari yapeleke mashahidi pamoja na wale wa misikiti, wakae meza moja kuanzia asubuhi hadi kituo kifungwe.